Somo: Kugongwa na lori, majeraha yanayojificha, na namna ya kudai fidia kwa wakazi wa Tabora na Kigoma

Ndugu wanachama, kadiri lami ilivyosogea kutoka Tabora kupitia Urambo na Kaliua kuelekea Uvinza na Kigoma, malori makubwa yamekuwa wageni wa kila siku katika vijiji vilivyozoea baiskeli na filimbi ya treni. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 kuhusu uzito wa magari inaruhusu lori na mzigo wake kufikia tani 56, ilhali gari dogo la kawaida halifiki hata tani 2, na bodaboda pamoja na abiria wake ni chini ya nusu tani. Wanapokutana barabarani, karibu madhara yote ya mgongano humwishia yule mdogo.

Mdogo wangu aligongwa na semi-trela jioni moja katikati ya Urambo na Kaliua, akiwa abiria wa bodaboda, na mimi ndiye niliyebeba faili lake kwa miaka 2. Mengi ninayoyaandika hapa niliyajua tukiwa tumekwisha kuchelewa. Baadaye nilisomea usaidizi wa kisheria, na kila familia inayokuja kwangu na kibahasha chenye stakabadhi mbili tatu hunikumbusha kibahasha chetu.

Hatua ya kwanza: Okoa uhai kabla ya jambo lolote

Pigeni 112 kwa polisi, au 114 kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kama kuna mtu aliyebanwa au mafuta yanamwagika. Gandamizeni kwa nguvu mahali panapotoka damu kwa kitambaa safi, wala msikifunue kila mara kutazama. Kama gari haliwaki moto, msimvute majeruhi kwa mikono na miguu na kumtupa nyuma ya pikapu. Shingo na uti wa mgongo vinaweza kuwa vimevunjika, na mvuto huo mmoja unaweza kumpoozesha mtu ambaye angetembea. Akilazimika kuhamishwa, watu wanne wamgeuze kwa pamoja kama gogo moja, huku mmoja ameshika kichwa kisicheze, kisha alazwe juu ya ubao au mlango.

Hatua ya pili: Yajue majeraha, hasa yale yasiyoonekana

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo watu wanapokufa na hapa ndipo madai yanapoharibika.

Jeraha la kichwa ndilo la hila kuliko yote. Mtu anaweza kuzimia kidogo, akazinduka, akaomba maji, akaulizia simu yake, na wote mkashukuru Mungu, kumbe damu inavuja polepole kati ya fuvu na utando wa ubongo. Saa chache baadaye, na wakati mwingine baada ya siku kadhaa, anaanza kutapika mara kwa mara, kusinzia isivyo kawaida, kulalamika kwamba kichwa kinazidi kuuma, au mboni ya jicho moja inakuwa kubwa kuliko ya pili. Mdogo wangu alizungumza nasi vizuri usiku wa kwanza, lakini alfajiri alikuwa akimwita mama kwa jina la shangazi yetu. Dalili kama hiyo haisubiri kupambazuke.

Kifua na tumbo vinafuata. Mbavu zilizovunjika zinaweza kutoboa pafu, na mtu akapumua kwa kukatakata. Bandama na ini hupasuka bila ngozi kuchubuka. Mtazame kama tumbo limekuwa gumu, kama ana jasho la baridi, kama amepauka, au kama bega la kushoto linamuuma ingawa halikuguswa. Ukiona michubuko iliyofuata mstari wa mkanda wa gari, mwonyeshe daktari alama hiyo wewe mwenyewe.

Mfupa wa paja ukivunjika, zaidi ya lita moja ya damu inaweza kukusanyika ndani ya nyama bila tone kuonekana nje, na nyonga ikivunjika hali huwa mbaya zaidi. Mfupa uliotoka nje ya ngozi unahitaji kusafishwa hospitalini, dawa za kuzuia maambukizi mapema na sindano ya pepopunda. Kisha lipo tatizo ambalo wengi hulivumilia wakidhani ni maumivu ya kawaida: mguu au mkono uliofungwa hogo, yaani plasta ngumu, ukauma kupita kiasi, vidole vikafa ganzi au vikawa baridi. Hiyo ina maana msuli umevimba ukakosa nafasi na damu haipiti, hivyo rudini hospitali usiku huohuo, kwa sababu kuchelewa kunaweza kugharimu kiungo chote. Nawaheshimu wazee wetu wanaounga mifupa kwa vijiti, lakini nimeona mguu mweusi uliofungwa kwa vijiti vilivyokazwa mno, na nimeona pia kwamba matibabu hayo hayaachi karatasi yoyote ambayo bima au mahakama itaipokea.

Maumivu ya shingo mara nyingi huanza kesho yake. Na kuna jeraha la moyo: kushtuka kila honi inapolia, kukosa usingizi, kukataa kupanda gari lolote. Hilo nalo ni ugonjwa, na linastahili kuandikwa.

Nasisitiza neno kuandikwa. Kila dalili mpya inapotokea, rudi hospitali ileile, iwe ni Kitete, Maweni, Nkinga au kituo cha afya cha tarafa, uieleze, na uhakikishe imeingia katika faili. Maumivu ya mgongo yaliyotajwa kwa mara ya kwanza miezi 8 baada ya ajali yatajibiwa na kampuni ya bima kwa sentensi moja: hayakutokana na ajali hii.

Hatua ya tatu: Polisi na karatasi zake

Fomu ya PF3, ile ya polisi ambayo daktari huijaza kuhusu majeraha, hutolewa bure. Majeruhi aliye mahututi atibiwe kwanza, fomu ifuate. Daktari akiijaza, soma sehemu yake kabla ya kuirudisha, kisha toa nakala. Baadaye utahitaji pia taarifa ya ajali ya polisi, yaani PF 90, ripoti ya ukaguzi wa magari, yaani PF 93, pamoja na mchoro wa eneo la ajali. Andika namba ya jalada la kesi na cheo cha askari mpelelezi.

Wakati huohuo, ndugu mmoja mwenye utulivu apige picha kabla magari hayajaondolewa. Apige alama za matairi, taa za nyuma, viakisi mwanga, na yale matawi ya miti ambayo madereva wetu huyatandika barabarani badala ya pembetatu lori linapoharibika usiku. Apige namba za usajili za kichwa cha lori na za tela, kwa maana vyote viwili husajiliwa na kukatiwa bima kila kimoja kwa namba yake, na huweza kuwa na wamiliki tofauti. Sisi tulipiga picha ya kichwa peke yake, na jambo hilo lilituchelewesha miezi mingi.

Hatua ya nne: Mtafute mwenye bima

Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inalazimisha kila gari linalotembea barabarani kuwa na bima ya madhara kwa mtu wa tatu, ile tunayoiita bima ndogo. Mtu wa tatu ni wewe uliyegongwa. Uhalali wa bima unaangaliwa kwa simu kupitia mfumo wa TIRA MIS wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA), kwa kuingiza namba ya gari. Hifadhi picha ya ukurasa huo ukionyesha tarehe ambayo bima ilianza na itakayokwisha.

Barua ya madai iende kwa mwenye gari na kwa kampuni ya bima, ikieleza siku, mahali, majeraha na kiasi unachodai, ikiambatana na nakala. Karatasi halisi zibaki nyumbani. Nakala yako ya barua igongwe muhuri wa kupokelewa.

Hatua ya tano: Hesabu hasara yako yote

Mahakama zetu zina msimamo wa siku nyingi kwamba hasara mahususi, kama vile dawa, nauli na pikipiki iliyoharibika, lazima itajwe kwa kiasi chake na ithibitishwe kikamilifu. Maumivu, ulemavu na maisha yaliyopungua raha huingia katika fidia ya jumla, ambayo hakimu huipima kwa busara yake. Kwa hiyo nauli ya ndugu anayemuuguza mgonjwa katika hospitali ya Bugando, Mwanza, nayo itafutiwe risiti. Mkulima wa tumbaku aliyekosa msimu alete kumbukumbu za mauzo ya msimu uliopita kutoka chama chake cha msingi. Mama lishe aandike mauzo yake ya wastani na awe na mashahidi. Stakabadhi zetu nilizihifadhi ndani ya kopo la biskuti, chini ya paa lililovuja, na masika yalipokwisha karatasi zile za mashine zilikuwa nyeupe kabisa. Toeni nakala siku ileile mnayopewa.

Msikubali malipo ya mwisho kabla daktari hajasema mgonjwa amefikia hali gani na ulemavu uliobaki ni kiasi gani. Chuma cha pajani kinaweza kuhitaji kutolewa baadaye, na upasuaji huo una gharama.

Hatua ya sita: Ikishindikana

Ipo ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima inayopokea malalamiko dhidi ya kampuni za bima. Ipo pia mahakama, na hapo muda ni jambo zito: kwa Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, shauri la madhara ya namna hii hufunguliwa ndani ya miaka 3. Mazungumzo na bima hayasimamishi saa hiyo. Mweleze wakili wako aipe kampuni ya bima taarifa kabla ya kufungua shauri. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili anaweza kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Tena, kesi ya trafiki si kesi yako ya fidia. Dereva akitozwa faini, fedha hiyo inakwenda serikalini. Hata hivyo chukua nakala ya hukumu, kwa sababu dereva aliyetiwa hatiani hawezi tena kusimama katika shauri la madai akasema hakutenda kosa lile.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Kasulu:* Shikamoo mwalimu. Lori lililomgonga baba mkwe lina namba za nchi jirani, na dereva alitaka kuondoka. Tutamdai nani?

Marahaba, mwanangu. Dereva haruhusiwi kuondoka kabla polisi hawajamaliza. Magari mengi yanayovuka mpaka hubeba Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo ni bima inayotambulika nje ya nchi yake, na Tanzania imo katika mpango huo ingawa si mwanachama wa COMESA. Pigeni picha ya kadi hiyo pande zote mbili, pamoja na leseni na hati ya mzigo, halafu muwaulize TIRA namna ya kuwasilisha madai hapa hapa nchini.

*Mwanachama wa Kaliua:* Mume wangu ni utingo, amevunjika nyonga lori lilipopinduka. Tajiri anasema hamtambui kwa kuwa hana mkataba wa maandishi.

Pole sana, dada yangu. Kukosa karatasi hakumwondolei mtu haki ya kuwa mfanyakazi. Kusanya ujumbe wa malipo ya simu kutoka kwa tajiri, majina ya madereva waliosafiri naye, na picha zake akiwa kazini. Aliyeumia kazini ana haki kupitia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na mwajiri anapaswa kutoa taarifa ya ajali. Akikataa, nendeni Mfuko wenyewe, kwa kuwa madai yanatakiwa kufika ndani ya miezi 12.

*Mwanachama wa Nzega:* Kijana wetu wa bodaboda hakuvaa kofia ngumu. Je, amepoteza kila kitu?

Hapana. Uzembe wake unaweza kupunguza fidia, hasa kwa jeraha la kichwa, lakini haufuti uzembe wa dereva wa lori. Usimfundishe kusema alivaa, maana uongo mmoja ukigundulika utachafua hata yale ya kweli.

*Mwanachama wa Uvinza:* Baba amefariki katika ajali. Nani adai?

Poleni kwa msiba. Anzeni na kikao cha ukoo kumpendekeza msimamizi wa mirathi, na muhtasari wake upelekwe Mahakama ya Mwanzo. Msimamizi ndiye atakayedai kwa niaba ya waliomtegemea marehemu, yaani mke, watoto na wazazi wake. Cheti cha kifo na ripoti ya uchunguzi wa mwili viwe tayari.

*Mwanachama wa Sikonge:* Mwenye lori alitupa shilingi 500,000 wodini, tukaweka dole gumba kwenye karatasi. Tumejifunga?

Hata sisi tuliweka dole gumba namna hiyo, mgonjwa akiwa na drip mkononi, na shilingi 300,000 zikawa kisingizio cha kutujibu kwa dharau muda mrefu. Mkataba uliopatikana kwa kudanganywa au kwa kushurutishwa unaweza kubatilishwa, lakini lazima muyathibitishe hayo. Mtafuteni aliyeandika karatasi ile, muuguzi aliyekuwa zamu, na nakala ya maneno yenyewe. Kama inasema ni msaada wa matibabu, hamkusamehe chochote, ila kiasi hicho kitakatwa kutoka katika fidia. Kama inasema mmemaliza madai yote, ipelekeni kwa wakili wiki hii, pamoja na faili la hospitali linaloonyesha mgonjwa alikuwa na hali gani siku ile.