Kukuza Disa uniflora Dodoma: poza mizizi, majani yatajijua

Okidi hii nyekundu asili yake ni Rasi ya Magharibi, Afrika Kusini. Kwenye Table Mountain huota kandokando ya vijito na maporomoko, mizizi ikipitiwa na maji baridi, yenye tindikali kidogo na karibu hayana chumvi. Jua la mchana majani huvumilia. Mizizi ikikaa juu ya nyuzi 25 siku kadhaa, huoza.

1. Mche. Nunua wa kitaluni, wenye kibali cha CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini) na cheti cha afya ya mimea. Wa porini usiguse. Ndugu zake wa Kitulo, Nyanda za Juu Kusini, wanachimbwa vya kutosha kwa ajili ya chikanda, chakula kinachotengenezwa kwa viazi vya okidi.

2. Mchanga wa kupandia. Wa korongo, punje za ukubwa wa mtama. Dondoshea siki: ukitoa povu una chokaa, umwage. Usiotoa povu, osha mpaka maji yatoke meupe. Udongo na samadi, hapana kabisa.

3. Maji. Hapa ndipo miche mingi inapofia. Maji ya bomba ya Dodoma ndiyo yale yanayoacha utandu mweupe kwenye birika, na utandu huohuo huishia kwenye mizizi. Kuyachemsha hakusaidii: chokaa kiasi hutuama, chumvi nyingine hubaki na kukolea. Ndimu nayo hupunguza ukali wa magadi tu, chumvi iko palepale. Kinga mvua. Acha ile ya kwanza ioshe bati, kisha jaza mapipa ya plastiki yenye mfuniko. Tenki la saruji huyarudishia maji chokaa. Hesabu yake: nusu lita ya kumwagia kila siku, na lita moja ya kubadilisha maji ya ndoo (hatua ya 4) kila baada ya siku mbili. Kuanzia Mei hadi Novemba ni kama lita 210 kwa mche mmoja, kwa hiyo pipa moja la lita 200 litakuangusha mwishoni, wakati wa joto kali. Weka mawili. Kipima chumvi ya maji (TDS) kikisoma zaidi ya 100 ppm, usimwagie.

4. Chungu. Chukua chungu kikubwa cha udongo kisichopakwa rangi, ndani yake weka ndoo ndogo ya plastiki, na nafasi iliyobaki kati ya ndoo na chungu jaza mchanga. Mchanga huo uloweshe asubuhi na jioni. Hapa maji ya bomba yanafaa, maana hayafiki kwenye mche. Kopo la mche, lenye matundu, lisimame ndani ya ndoo kwenye sentimita 3 za maji ya mvua. Weka chungu kivulini penye upepo. Feni ya bei mbaya haiushindi upepo wa Dodoma wa Agosti.

5. Mbolea. Ya maji, robo ya kipimo, kila wiki mbili.

Mvua zikianza Desemba hewa hujaa unyevu na chungu hakipozi tena kama awali. Siku hizo, saa sita mchana tumbukiza ndani ya ndoo chupa ya nusu lita iliyogandishwa, kizibo kikiwa kimekazwa.