Somo: Ruta ya CNC inayosimama ovyo au kuhama njia

Kila wiki naulizwa jambo lilelile: ruta, yaani mashine ya kuchonga mbao inayoongozwa na kompyuta, ilikuwa ikikata vizuri, ghafla imesimama katikati ya ubao au imehama milimita kadhaa, na mwenye mashine amekwisha kubadilisha nusu ya mipangilio kabla ya kuuliza. Somo hili linahusu ruta ndogo zinazoendeshwa na GRBL, programu inayogeuza maagizo ya kompyuta kuwa mizunguko ya mota, kwenye bodi ndogo ya kielektroniki ya Arduino Uno, kama hii ninayochongea mninga.

Hatua ya 1. Tuma $$, amri ya kuonyesha mipangilio ya GRBL, na unakili namba zote zitakazotokea, kisha usibadilishe hata moja.

Hatua ya 2. Zima umeme, kaza skrubu za kaplingi (kiungo kati ya mota na skrubu ndefu inayosogeza mashine), halafu chora mstari mmoja wa kalamu ya wino unaovuka kaplingi na mhimili wa mota. Mstari ukikatika baada ya kazi, kaplingi inateleza.

Hatua ya 3. Endesha faili lote hewani, spindo (mota inayozungusha kisu) ikiwa imezimwa. Rudia spindo ikiwa imewashwa, bado hewani, na mwisho kata ubao. Hitilafu ikitokea hata spindo ikiwa imezimwa, shuku kompyuta, kebo ya USB au kasi uliyoweka; ikianza pale tu spindo inapowashwa, nenda hatua ya 4; ikitokea wakati wa kukata tu, nenda hatua ya 5.

Hatua ya 4. Hapa ndipo nilipopoteza wiki mbili. Nilikuwa nimefunga waya za swichi za kikomo, zile zinazosimamisha mashine ikifika mwisho wa njia yake, pamoja na waya wa spindo, kwa vibano vya plastiki kuanzia juu hadi chini, kwa kuwa nilitaka zikae nadhifu. Brashi za mota ya spindo hutoa cheche muda wote inapozunguka, na waya mrefu wa swichi unaopita kandokando huunasa usumbufu huo, bodi ikadhani swichi imeguswa, ikasimama na kuandika ALARM:1. Nilinunua kebo yenye wavu wa kukinga, nikaunganisha wavu huo na ethi katika ncha zote mbili, na tatizo likazidi, kwa sababu nilikuwa nimefungua njia ya pili ya umeme kuzunguka. Unganisha wavu upande wa bodi peke yake. Tenganisha waya hizo, na zikilazimika kukutana, zipishane kwa pembe mraba. Karibu na bodi weka rezista ya kilo-omu 4.7 kutoka pini ya swichi hadi volti 5, na kapasita ya nanofaradi 100 kutoka pini hiyo hadi grandi (volti sifuri ya bodi). Tafadhali usizime ulinzi wa swichi ili tu ujumbe usionekane, maana siku mashine itakapogonga mwisho hakutakuwa na cha kuisimamisha.

Hatua ya 5. Pima mkondo wa draiva, yaani saketi ndogo inayolisha mota umeme. Kwa draiva aina ya A4988 yenye rezista za omu 0.1, volti 0.8 kwenye kirekebishi, skrubu ndogo iliyo juu yake, hutoa ampea 1. Usichomoe waya wa mota umeme ukiwa umewaka; draiva inaweza kuungua papo hapo.

MASWALI

Fundi wa Tanga: Mashine yangu inasumbua sana. Nifanyeje?

Jibu: Fanya hatua ya 3, kisha uniambie imeshindwa katika zamu ipi kati ya tatu.

Mgeni wa Arusha: Nimefuata yote na hakuna kilichosaidia. Labda somo linafaa mashine yako tu.

Jibu: Ndugu, umeandika pia kwamba kompyuta yako hujizima skrini na kulala baada ya dakika kumi, na mashine husimama muda huohuo. Hilo limo katika hatua ya 3. Zuia kompyuta kulala, tumia kebo fupi ya USB, kisha urudi kulihukumu somo.

Seremala wa Mombasa: Shikamoo, mwalimu. Naona wengine hutumia swichi ambazo hukaa zimefungwa na kufunguka zinapoguswa. Je, zina faida gani?

Jibu: Marahaba, na ahsante kwa swali hili. Usipoweka rezista ya hatua ya 4, swichi iliyo wazi huacha waya wake ukishikiliwa na rezista ya ndani ya bodi peke yake, ambayo ni kati ya kilo-omu 20 na 50, kwa hiyo usumbufu mdogo unatosha kuuyumbisha. Swichi iliyofungwa huushikilia waya moja kwa moja kwenye grandi, na waya ukikatika mashine husimama badala ya kuendelea bila ulinzi. Ziunge kwa mfuatano, moja baada ya nyingine, kisha uweke $5=1, mpangilio unaoiambia GRBL isome swichi kinyume.

Seremala wa Mombasa: Nimekuelewa. Kwangu husimama pia ninapowasha kifyonza vumbi, hasa nikikata mbao kavu.

Jibu: Vumbi kavu likipita kwa kasi ndani ya bomba la plastiki huzalisha umeme tuli, nao hurukia fremu ya mashine. Pitisha waya wa shaba usio na ganda ndani ya bomba, mwanzo hadi mwisho, na uuunganishe na ethi. Kabla ya hapo mwite fundi umeme apime soketi yako, kwani katika nyumba nyingi za zamani tundu la tatu lipo lakini nyuma yake hakuna waya wowote.