Mtwara hadi Newala kwa pikipiki, msimu wa vumbi: somo na maswali ya wanachama

Wengi wanaoikwepa barabara ya vumbi huogopa kokoto. Kokoto unaziona. Kinachoangusha watu ni vumbi lenyewe, kwa kuwa linaficha mbuzi, baiskeli ya mkaa na fuso inayokuja. Kwa hiyo kanuni ya somo hili ni moja: mwendo wako usizidi umbali unaouona. Mengine yote ni ya kukusaidia uishike kanuni hiyo bila kuchoka.

Somo ni la mtu aliyezoea lami anayetaka kupanda Uwanda wa Makonde siku moja ya kiangazi, kati ya Juni na Oktoba. Kutoka Mtwara mjini kuna lami kilomita 50 hadi Mnivata. Mbele yake ni Tandahimba, kisha Newala. Lami ya kilomita 160 kutoka Mnivata kupitia Newala hadi Masasi iko kwenye ujenzi, kwa hiyo mpenda vumbi inabidi azifuate njia za vijijini zinazochepuka kwenye mikorosho. Huko ndiko raha iliko, nami sioni ubaya wa kupotea kidogo ilimradi tangi lina mafuta.

Hatua ya 1: usiku wa kuamkia safari

Anza na chujio la hewa, lile mafundi wanaloita eya klina. Likiwa la sponji, lioshe kwa sabuni, likaushe kabisa, lipake oili kidogo, kisha likamue. Likiwa la karatasi usilipake chochote. Lipulize upepo kutoka ndani kwenda nje. Chujio lililoziba hunyima injini hewa, pikipiki ikanywa mafuta bila kuvuta. Lililotoboka ni baya zaidi: mchanga unaingia ndani na kula silinda.

Cheni ifute kwa kitambaa. Usiimwagie oili nyingi, maana oili ikichanganyika na vumbi inakuwa msasa unaosaga meno ya sproketi. Kaza nati za keria, za vioo na za vikanyagio. Gonga spoku moja moja kwa spana: yenye sauti nzito kuliko wenzake imelegea.

Hatua ya 2: upepo wa matairi

Punguza kidogo, kama psi 3 hadi 5 chini ya kipimo chako cha lami. Tairi laini hushika, tairi gumu hurukaruka. Usizidishe, kwani rimu itabana tyubu kwenye jiwe, au tairi litazunguka kwenye rimu na kung'oa vali. Beba pampu, tyubu moja, gundi na viraka.

Hatua ya 3: mwili na maji

Helmeti yenye kioo, glavu, viatu vinavyofunika vifundo, leso au barakoa puani. Ndala ziache nyumbani. Uwanda wa Makonde unajulikana kwa uhaba wa maji. Ardhi yake ya kichanga hunyonya mvua yote, na wenyeji wamezoea kuyafuata mbali, chini mabondeni. Usitegemee kuomba kwa watu. Beba lita tatu zako.

Hatua ya 4: ondoka alfajiri

Saa kumi na mbili uwe barabarani. Unaelekea magharibi, jua liko mgongoni, na magari ya mizigo hayajawa mengi. Kuna faida nyingine ambayo wachache huitazama: upepo wa kusi unatoka kusini-mashariki, yaani kushoto kwako nyuma. Gari unalopishana nalo liko kulia, hivyo vumbi lake linapeperushwa mbali nawe. Ukirudi asubuhi mambo yanageuka, jua machoni na vumbi la kila gari linakujia. Marejeo yapangie muda mrefu zaidi.

Hatua ya 5: juu ya kokoto

Simama kwenye vikanyagio, magoti yabane tangi, viwiko vitoke nje, mikono ishike usukani kwa ulegevu. Gurudumu la mbele litachezacheza. Liache licheze, anayepambana nalo ndiye anayeanguka. Macho yatazame mbele kabisa, kwa sababu pikipiki hufuata macho, na ukilikodolea shimo utaingia humo humo.

Fuata mkondo wa matairi ya magari. Katikati huwa na tuta la kokoto legevu. Ukitaka kulivuka, punguza mwendo, kisha livuke kwa kulikata, si kwa kuliparaza ubavuni. Kwenye mchanga mzito rudisha uzito nyuma na uweke mafuta sawasawa. Ukiyakata ghafla pua inazama. Breki ya nyuma ndiyo ya kazi. Ya mbele iguse kwa vidole viwili, usukani ukiwa umenyooka.

Sehemu za ujenzi zina mtego wake: boza likishamwagia maji, udongo unateleza kuliko mahali pakavu.

Hatua ya 6: vumbi la mbele yako

Hii ndiyo hatua ninayoomba uisome mara mbili. Ukiona gari linakuja na wingu lake, punguza kabla hujalifikia, si ukiwa ndani. Washa taa. Kaa kushoto, na ukiwa huoni kitu toka kabisa barabarani usimame. Ukiwa nyuma ya gari usilikimbize kwa hamu ya kulipita. Simama chini ya mkorosho, unywe maji, wingu litulie. Mkiwa kundi, kila mtu aendeshe nje ya vumbi la mwenzake, na kwenye kila njia panda wa mbele amsubiri wa nyuma.

Ukifika Newala mapema, nenda Shimo la Mungu, ukingoni mwa uwanda. Chini ni bonde la Mto Ruvuma, na ng'ambo ni Msumbiji. Lala hapo hapo Newala.

MASWALI

Shikamoo mwalimu. Nina Boxer ya biashara, si pikipiki ya mashindano. Itafika? (Mwanachama, Mikindani)

Marahaba. Itafika. Vijiji vyote hivyo vinahudumiwa na bodaboda kama yako kila siku. Ila shokapu zake ni fupi, basi ingia mashimoni taratibu, na mzigo ufunge chini, karibu na kiti.

Kaka, bodaboda wa huku tunajaza upepo mpaka tairi liwe jiwe, hatupati pancha. Wewe unasema tupunguze? (Mwanachama, Tandahimba)

Nyie mnabeba magunia na abiria wawili, mko sahihi kujaza. Mimi nasema na mtu mmoja mwenye begi. Akijaza kama nyie, kwenye kokoto atadunda kama mpira.

Mimi ndiye abiria, mume wangu ndiye dereva. Nikae vipi? (Mwanachama, Masasi)

Dada, msogelee, mshike kiunoni, miguu isitoke kwenye vikanyagio hata pikipiki ikiyumba. Ukishusha mguu unaweza kuuvunja. Tairi la nyuma lirudishiwe upepo wa kawaida. Na akizidisha mwendo mgonge begani. Mkubaliane kabla ya kuondoka kwamba akigongwa anapunguza, bila mjadala.

Mwezi wa saba macho yaliniwasha sana nikipita mashambani, na halikuwa vumbi la kawaida. (Mwanachama, Nanyamba)

Hiyo ni salfa. Wakulima wanaipuliza kwenye mikorosho, mara nyingi asubuhi upepo ukiwa umetulia, kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho. Ukiona wingu la njano shambani, funga kioo na usisimame. Ikiingia machoni usifikiche, osha kwa maji mengi. Nayo ni sababu ya zile lita tatu.

Tuko Lindi. Tunaweza kwenda Tendaguru kwa pikipiki? (Mwanachama, Lindi)

Kiangazi inawezekana, lakini hiyo ni safari ngumu kuliko hii. Kilima kiko kaskazini-magharibi mwa Lindi, kama kilomita 60. Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria pale kuanzia 1909 hadi 1913, na wapagazi wakaibeba kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Mnyama mmoja yuko Berlin, kimo chake ni zaidi ya mita 13. Nyie mtakuta pori na nyasi, hakuna jumba la makumbusho. Piteni kwanza ofisi ya kijiji, mchukue mwenyeji wa kuwaongoza, na msiokote hata kipande cha mfupa, kwani eneo linalindwa kisheria.

Kurudi, nifuate njia ile ile au nizunguke Masasi? (Mwanachama, Mtwara)

Mgongo ukiuma, zunguka Masasi. Kutoka pale ni lami, kama kilomita 200, kupitia Ndanda na Mnazi Mmoja. Ukifika Masasi rudisha upepo wa matairi kwanza.