Somo: Kuchagua njia ya uzazi wa mpango kwa kuangalia maudhi yake

Shikamooni wakubwa zangu, na wadogo zangu habari za kazi. Mimi ni muuguzi, nahudumu kliniki ya mama na mtoto hapa Dodoma mjini. Wanawake wengi wanaorudi kliniki kuniambia "sista, nitoe hiki kitu" au "sindano sitaki tena" bado hawajawa tayari kubeba mimba nyingine. Wanachokimbia ni damu. Imetoka wiki tatu mfululizo, au inatoka matone kila siku, au imekata kabisa na mwenye nayo anadhani imejaa tumboni. Wakati njia inaanza, hakuna aliyemwambia kwamba hilo linaweza kutokea. Anaacha, na mimba inafuata mtoto wa kwanza akiwa bado mgongoni.

Ndiyo maana somo hili linaanzia kwenye maudhi, yaani usumbufu ambao njia inaweza kuuletea mwili. Njia karibu zote za kisasa zinazuia mimba vizuri zikitumika sawasawa, ila zinatofautiana sana katika yale utakayoishi nayo baada ya kutoka kliniki.

Hatua ya 1: Mtoto anayefuata unamtaka lini?

Jibu hili mwenyewe kabla ya kuuliza jirani anatumia nini. Shirika la Afya Duniani linashauri mama akishajifungua apumzike angalau miezi 24 kabla ya kushika mimba nyingine. Kama unamtaka mwingine baada ya mwaka mmoja na nusu hivi, sindano si rafiki yako, na sababu nitaieleza. Kama unataka kupumzika miaka mitatu, mitano au kumi, fikiria kijiti au kitanzi. Kama mmeshamaliza kuzaa na mna hakika, zipo njia za kudumu, ya mke na ya mume.

Hatua ya 2: Mwambie mhudumu ukweli kuhusu afya yako na dawa unazomeza

Hapa naomba msione aibu. Mtu anaficha dawa kwa sababu jirani yake yupo kwenye benchi, kumbe dawa hiyo ndiyo inayoamua njia. Omba kuingia chumbani peke yako.

Presha ikiwa 140/90 au zaidi, vidonge vya kawaida vyenye homoni mbili havikufai. Havimfai pia mwenye umri wa miaka 35 na kuendelea anayevuta sigara, mwenye kipandauso kinachotanguliwa na kuona vimulimuli, wala aliyewahi kupata damu kuganda mguuni au kwenye mapafu. Mama anayenyonyesha mtoto wa chini ya miezi sita naye asivitumie, apewe vile vya homoni moja.

Dawa za kifua kikuu zenye rifampisini hudhoofisha vidonge na kijiti. Za kifafa, yaani fenobabitali, fenitoini na kabamazepini, hufanya vivyo hivyo. Kwa wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, efavirenzi ndiyo inayopunguza nguvu ya kijiti; dolutegraviri haina shida hiyo. Kitanzi cha shaba na sindano ya miezi mitatu haviathiriwi na dawa hizi nilizotaja.

Hatua ya 3: Linganisha njia, ukianza na damu

Sindano ya miezi mitatu. Wengi wanaipenda kwa sababu haionekani na haina cha kukumbuka kila siku. Miezi ya mwanzo damu huvurugika, inakuja bila ratiba. Ukiendelea, baada ya mwaka mmoja karibu nusu ya watumiaji hawaoni siku zao kabisa. Damu hiyo haijajificha popote: ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi unabaki mwembamba, kwa hiyo hakuna cha kutoka. Uzito huongezeka, kwa wastani kilo moja hadi mbili kwa mwaka, wengine zaidi, wengine hata kidogo hapana. Kichwa kuuma kupo. Mifupa hupoteza uimara kidogo wakati wa matumizi na hurudi ukiacha. Tena sindano ikishaingia haitolewi, maudhi yake utasubiri yaishe yenyewe.

Uzazi nao unachelewa kurudi. Kwa wastani mimba huja karibu miezi kumi baada ya sindano ya mwisho. Hapo ndipo uvumi wa "sindano inaleta ugumba" ulipozaliwa. Ugumba hauleti, ila unachelewa, na aliyetaka mtoto haraka alistahili kuambiwa mapema.

Nyie wa Bahi na Chamwino mnaohamia mashambani mvua zikianza Desemba, angalieni tarehe ya kurudi kabla hamjaondoka. Mito ikijaa njia inafunga, na sindano inapitwa. Unaweza kuchomwa hadi wiki mbili kabla ya tarehe, na ukichelewa mpaka wiki nne bado utachomwa bila shida. Ukizidisha hapo, tumia kondomu mpaka mhudumu ahakikishe huna mimba. Ipo pia sindano ndogo ya chini ya ngozi ambayo mwanamke akifundishwa anajichoma mwenyewe; uliza kama kituo chako kinayo.

Kijiti. Kinawekwa chini ya ngozi ya mkono kwa ganzi. Kile kimoja ni cha miaka mitatu, vile viwili ni vya miaka mitano. Kinazuia mimba kuliko njia karibu zote: kati ya wanawake 100 kwa mwaka mzima hafikii hata mmoja anayeshika mimba. Damu ndiyo mtihani wake. Haitabiriki, na tofauti na sindano, huenda isitulie hata baada ya mwaka. Kwa mmoja itakuwa matone, kwa mwingine siku nyingi, kwa mwingine itakata. Chunusi, matiti kuuma na kichwa kuuma navyo hutokea. Faida yake kubwa kwangu ni kwamba siku kikitolewa uzazi unarudi upesi. Hakisafiri kwenda moyoni. Unaweza kukigusa kwa kidole pale pale kilipowekwa. Na usikubali mtu akitoe kwa wembe nyumbani. Kidonda kikioza, mkono ndio utakaoteseka.

Kitanzi cha shaba, ambacho mama zetu wanakiita lupu. Hiki sijui kwa nini kinaogopwa hivi, wakati ndicho pekee cha muda mrefu kisicho na homoni kabisa, na kinakaa miaka kumi na zaidi. Hakinenepeshi, hakileti chunusi, na siku zako unaziona kila mwezi. Kinachobadilika ni kwamba damu huwa nyingi zaidi na tumbo husokota, hasa miezi mitatu hadi sita ya kwanza. Kwa hiyo kama tayari una upungufu wa damu au hedhi yako ni nzito, fikiria mara mbili, au mwambie mhudumu akupime damu kwanza. Hakimchomi mume. Nyuzi zikimsumbua, zinapunguzwa. Kuna pia kitanzi chenye homoni kinachopunguza damu badala ya kuiongeza, ila si kila kituo kinacho.

Vidonge vya homoni mbili. Mpangilio wa siku zako unakuwa mzuri kuliko njia zote, damu inapungua, tumbo la hedhi linatulia. Kichefuchefu na matiti kujaa hutokea miezi miwili mitatu ya kwanza. Meza usiku baada ya chakula. Udhaifu wake ni sisi wenyewe: kwa jinsi watu wanavyomeza kweli, wanawake 7 kati ya 100 hushika mimba ndani ya mwaka. Kwa sindano ni 4. Ukisahau kimoja au viwili, meza mara unapokumbuka na uendelee. Ukisahau vitatu, endelea kumeza lakini tumia kondomu siku saba.

Kondomu haina maudhi ya homoni na ndiyo pekee inayokinga UKIMWI na magonjwa ya ngono. Kwa kuzuia mimba peke yake, wanawake 13 kati ya 100 hushika mimba kwa mwaka kwa matumizi ya kawaida, kwa hiyo napenda iongezwe juu ya njia nyingine.

Kunyonyesha kunazuia mimba pale tu mambo matatu yanapokutana: siku hazijarudi, mtoto ananyonya maziwa ya mama tu usiku na mchana, na hajatimiza miezi sita. Likikosekana moja, njia imeisha. Pigi, ile hirizi ya kufunga kiunoni, haizuii mimba.

Hatua ya 4: Siku ya kliniki

Vituo vya serikali vinatoa huduma hii bure, kuanzia zahanati. Tafuta alama ya nyota ya kijani. Ukienda ndani ya siku saba tangu hedhi ianze, sindano au kijiti kinafanya kazi papo hapo. Siku nyingine pia unaweza kuanza ikiwa hakuna mimba, ila utatumia kondomu wiki moja.

Kabla hujanyanyuka kwenye kiti uliza: damu yangu itakuwaje? Nikitaka kuacha, nije hapa hapa na atanitoa nani? Tarehe ya kurudi ni lini? Mhudumu akikujibu kwa haraka, rudia swali. Ni haki yako.

Hatua ya 5: Miezi ya kwanza

Jipe miezi mitatu kama maudhi ni ya kuvumilika. Kama hayavumiliki, rudi hata kesho, ubadilishe. Lakini usiache njia nyumbani kimya kimya bila kuwa na nyingine mkononi.

Yafuatayo si maudhi madogo, kimbilia hospitali: kifua kuuma ghafla au pumzi kukata, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kichwa kikali pamoja na macho kuona vibaya, ngozi kuwa njano. Mwenye kitanzi: homa na maumivu makali chini ya kitovu, au siku kupitiliza huku tumbo linauma upande mmoja.

MASWALI YENU (mwanzoni ni mahali anakotoka aliyeuliza, kisha jibu langu)

Kongwa: Sista, nina kijiti mwezi wa tatu, damu inatoka matone haikati. Mama mkwe anasema kizazi kinaoza. Nitoe?

Kizazi hakiozi, mdogo wangu. Nenda upimwe kwanza mimba na maambukizi, kwa sababu damu inaweza kuwa na chanzo kingine. Vikiwa salama, mhudumu anaweza kukupa dawa ya maumivu ya ibuprofeni kwa siku tano, au vidonge vya uzazi wa mpango kwa wiki kama tatu, kama presha yako iko sawa na hunyonyeshi kachanga. Mara nyingi damu hutulia. Ikigoma nawe umechoka, kitolewe, na siku hiyo hiyo uchukue njia nyingine.

Mpwapwa: Nimechoma sindano miaka miwili, nimeacha mwezi wa sita huu sijashika mimba. Nimeharibika?

Hapana, dada. Bado upo ndani ya muda wa kawaida. Mwaka ukipita tangu dawa iishe mwilini bila mimba, njooni wawili, wewe na mwenzako, mpimwe wote. Mara nyingi mwanamke anapimwa peke yake kumbe tatizo liko upande wa pili.

Nkuhungu: Nimesikia sindano inaleta uvimbe kwenye ubongo.

Mwaka 2024 watafiti wa Ufaransa walionesha kwamba waliotumia sindano hii kwa mwaka mzima au zaidi walikuwa na hatari kubwa zaidi, mara tano na nusu hivi, ya kufanyiwa upasuaji wa uvimbe wa utando wa ubongo uitwao meninjioma. Ugonjwa wenyewe ni adimu, kwa hiyo hata ukizidishwa hivyo, wanaoupata ni wachache sana. Mwenye uvimbe huo, au aliyewahi kuwa nao, asichome sindano. Wengine, kama mnapata kichwa kisichoisha au macho yanabadilika, msiseme ni uchovu, mkapimwe.

Mwanafunzi, Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM): Shikamoo. Mimi natumia P2, vile vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, kila tukikutana. Ina madhara?

Marahaba mwanangu. P2 haiharibu kizazi, na haitoi mimba iliyokwisha kutunga. Unaweza kupata kichefuchefu, na siku za mwezi huo zikasogea. Ukitapika ndani ya saa mbili, meza nyingine. Ila ni ya dharura: imezwe mapema iwezekanavyo, ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapungua nguvu. Anayeitegemea kila wiki atashika mimba mapema kuliko mwenye kijiti. Na haikukingi na UKIMWI hata kidogo. Njoo tuongee, hakuna atakayekuuliza cheti cha ndoa.

Baba wa watoto watano, Kondoa: Mke wangu ana presha, njia zimemkataa. Mimi nikifungwa, nguvu zitaisha?

Kaka, ahsante kwa kuuliza. Kinachofungwa ni mirija miwili midogo inayopitisha mbegu. Homoni za kiume zinaendelea kuingia kwenye damu kama kawaida, kwa hiyo hamu na nguvu vinabaki. Ni upasuaji mdogo wa ganzi, unarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Utavimba na kuuma kidogo siku chache; usibebe mizigo. Sharti moja: tumieni kondomu miezi mitatu ya mwanzo, kwa sababu mbegu za zamani bado zipo njiani. Ni ya kudumu, mwamue wote wawili. Na mke wako bado anaweza kutumia kitanzi cha shaba, presha haikikatazi.

Chang'ombe: Mume wangu hataki kabisa. Nifanyeje?

Hakuna saini ya mume inayotakiwa kisheria ili upate huduma. Hilo jua kwanza. Sindano na kitanzi ndivyo visivyoonekana kwa urahisi, ingawa mabadiliko ya damu anaweza kuyaona. Wanaume wengine wakija kliniki wakaelezwa na mhudumu wanabadilika, kwa hiyo kama una hakika hatakudhuru, mlete. Kama unaogopa kupigwa, usimlete. Niambie tukiwa wawili, na kadi yako tutaitunza kituoni.

Bahi: Kijiti changu cha miaka mitatu kimepitiliza, na kadi imepotea.

Nenda Jumatatu hii, na mpaka siku hiyo tumia kondomu. Kupotea kwa kadi hakuzuii huduma. Watakipapasa mkononi, watakitoa, na ukitaka wanakuwekea kingine palepale. Kama unakumbuka mwezi uliowekewa, uandike kwenye karatasi uende nao.