Jinsi ya kuzamia na kasa bila kuwasumbua

Kitu cha kwanza kuelewa, kasa sio samaki, hana matamvua, anavuta hewa kwa mapafu kama mimi na wewe. Akilala chini ya mwamba anaweza kukaa hata zaidi ya saa nzima, ila akiwa anakula au anaogelea ni dakika chache tu lazima apande kuvuta pumzi. Sasa ukimkimbiza anatumia hewa haraka, na ukimkalia juu, yaani ukielea juu yake, unamzibia njia ya kwenda kupumua. Watu wengi wanajua wasimguse, lakini hili la kumkalia juu hawalijui, na linaniuma sana nikiliona.

Kozi ya mwanzo ya uzamiaji, ile ya kushuka mpaka mita 18, inakutosha, kasa wengi utawakuta kwenye kina hicho hicho. Ila ukishapata cheti usikimbilie kasa siku ya pili. Fanya kwanza mazoezi ya kuelea katikati juu ya mchanga mtupu, usizame usipande, mpaka mwili uzoee. Ukibeba risasi nyingi kiunoni, yale madini mazito ya kukusaidia kuzama, utakuwa unazama miguu, mapezi uliyovaa miguuni yanavunja matumbawe na kutimua mchanga, na kasa anaondoka kabla hujamwona vizuri. Vuta pumzi taratibu na usiizuie hata kidogo, hasa wakati wa kupanda, hewa inatanuka na mapafu yanaweza kupasuka. Masikio yasawazishe mapema, yaani bana pua upulize taratibu, ukisubiri mpaka yaume umechelewa.

Kasa wa kijani mtafute kwenye nyasi za bahari, huyo mla majani. Ng'amba, kasa wa aina nyingine, yuko kwenye matumbawe, ana mdomo uliochongoka kama wa ndege, anauingiza kwenye nyufa anatoa sifongo, wale wanyama laini wa baharini anaowala, angalia pia chini ya miamba maana ndo wanakopumzika.

Ukimwona, simama. Mwendee kwa ubavuni ili akuone, ishia kama mita tatu au tano, alafu tulia hapo hapo. Akiendelea kula ujue amekukubali, na mara nyingi atakusogelea mwenyewe. Akiacha kula, akageuza kichwa, akaanza kupiga mapezi kwa nguvu, rudi nyuma muache aende. Flashi zima kabisa, na kama mko wengi msimzunguke, kaeni upande mmoja.

Kupanda usizidi mita 9 kwa dakika, na simama dakika 3 kwenye mita 5. Hapo angalia juu na pembeni, unaweza kumwona kasa anapita kwenda kuvuta pumzi, mpe nafasi usijongee. Na kama umezamia zaidi ya mara moja, subiri angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege.