Namna ya Kuandika Historia ya Beki wa Zamani

Anayeandika historia ya mshambuliaji hukuta nusu ya kazi imeshafanywa na watu waliohesabu mabao yake. Kwa beki mambo ni magumu zaidi, kwa kuwa kazi yake ni kuzuia bao lisiingie, na bao ambalo halikuingia haliandikwi popote. Mwongozo huu ninawaandikia vijana wa Mbeya, Iringa na Njombe walio na babu, mjomba au jirani aliyecheza nyuma enzi za ujana wake.

Kabla ya kumwendea mzee wako, jizoeze kwanza kwa mchezaji ambaye kumbukumbu zake zimehifadhiwa vizuri. Mimi humtumia Doug Harvey, Mkanada aliyekuwa beki katika mpira wa magongo unaochezwa juu ya barafu. Watu wa Makete, ambao Juni na Julai huamka wakakuta sakitu imetanda Kitulo, wanaujua ubaridi wa aina hiyo, ila barafu ya mchezo ule ni ngumu kiasi cha kubeba wanaume wazima wanaoteleza kwa viatu vyenye kisu cha chuma, wakigombea kisahani kigumu cha mpira.

Anza na takwimu, lakini zisome kwa jicho la beki. Harvey alizaliwa Montreal mwaka 1924, akaanza kuichezea timu ya Montreal Canadiens mwaka 1947, na katika maisha yake yote ndani ya NHL, ligi kuu ya mchezo huo Amerika Kaskazini, alicheza mechi 1,113 za msimu wa kawaida. Alifunga mabao 88 na kutoa pasi za mabao 452. Ukitazama mabao peke yake utamwona mchezaji wa kawaida, lakini ukigawanya utagundua kwamba kwa kila bao alilofunga aliwatengenezea wenzake zaidi ya matano. Hapo sura yake inaanza kuonekana: beki aliyekichukua kisahani nyuma, akatulia nacho huku wapinzani wakimkaribia, kisha akakitoa wakati anaoutaka yeye. Waliomshuhudia walimsifu kwa jambo hilo hasa, kwamba mechi ilikwenda kwa mwendo wake.

Hatua ya pili ni kuwapima waliomzunguka. Wakati huo ligi ilikuwa na timu 6 tu na kila timu ilicheza mechi 70 kwa msimu, kwa hiyo mshambuliaji yule yule alirudi kumkabili mara 14 kwa mwaka na alikuwa na muda wa kutosha wa kumsoma udhaifu wake. Tuzo ya Norris, ambayo hutolewa kwa beki bora, ilianza mwaka 1954, naye akaitwaa mara 7 kati ya 1955 na 1962. Kombe la Stanley, analopewa bingwa wa ligi hiyo, alilibeba mara 6, mara 5 kati ya hizo zikiwa mfululizo, kuanzia 1956 hadi 1960.

Hatua ya tatu, ambayo waandishi wengi huiruka, ni sheria za mchezo. Hadi mwaka 1956 mchezaji aliyeadhibiwa kwa kosa dogo alikaa nje dakika 2 kamili, hata timu yake ingefungwa mara ngapi. Canadiens, Harvey akigawa pasi kutoka nyuma, waliitumia nafasi hiyo kufunga mabao mfululizo, hata ligi ikaamua kwamba aliyeadhibiwa arudi mara timu yake inapofungwa. Mzee wako naye ana sheria zake. Ikiwa alitundika daluga kabla ya 1992, alicheza wakati kipa aliruhusiwa kudaka pasi iliyorudishwa kwa mguu na beki wake, na anayesoma leo hawezi kumwelewa bila kuelezwa hilo.

Usifiche pia siku ya msiba. Mwaka 1954, katika mechi ya saba ya fainali, muda wa nyongeza, shuti la Detroit liligonga glovu ya Harvey likaingia golini kwao, na kombe likaenda kwa wapinzani. Swali la namna hiyo mwulize mzee mwishoni, kwa heshima, akiwa ameshakuzoea.

Kuhusu miaka, usitegemee kumbukumbu tupu, bali mpe mzee nguzo za kushikia. Mwulize kama alicheza kabla au baada ya vita vya Kagera, kama msiba wa Sokoine wa Aprili 1984 ulimkuta bado uwanjani, na alikuwa wapi Tukuyu Stars walipochukua ubingwa wa nchi mwaka 1986. Kisha mtafute shahidi wa pili, na aliye bora ni mshambuliaji aliyekabwa naye.

Mimi mwenyewe nilikosea nilipoanza. Nilimtembelea mzee mmoja Mwanjelwa, nikamwamkia, nikakaribishwa chai, na swali langu la kwanza likawa: "Mzee, ulifunga mabao mangapi?" Akajibu, "Mawili," akaendelea kukoroga chai, na mazungumzo yakaishia hapo. Niliporudi wiki iliyofuata nilimwuliza ni mshambuliaji gani aliyemnyima usingizi. Alisogeza chupa ya chai ikawa goli, akapanga vikombe vinne kuwa mabeki, akanionyesha kwa kijiko jinsi winga yule alivyokuwa akiingia ndani, na kwa nini yeye alisimama hatua moja nyuma ya wenzake. "Ningesogea hapa," akasema akikigusa kikombe, "tumekwisha." Aya nzuri kuliko zote nilizoandika juu yake ilitoka kwenye meza ile.

Ukimaliza rasimu, rudi ukamsomee kwa sauti, polepole, na urekebishe papo hapo anapokukatiza. Mwombe picha za timu, na nyuma ya kila picha andika kwa penseli, bila kukandamiza, majina ya waliosimama kuanzia kushoto, kisha ya waliochuchumaa, huku yeye akikutajia.