Seva ya PostgreSQL imeingiliwa: jinsi ya kuirudisha kazini

Juzi nilikuwa namwelekeza mwenzangu kwa simu. Seva yake ya PostgreSQL (programu ya hifadhidata) ilikuwa imebanwa CPU asilimia 100, na ndani ya `top` (orodha ya michakato inayoendelea) kuna mchakato wa mtumiaji postgres uitwao `kdevtmpfsi`. Huyo ni mchimba sarafu za kidijitali. Jina ameliiba kwa `kdevtmpfs`, mchakato halali wa kernel (kiini cha mfumo), akaongeza "i" tu.

1. Ikate mtandaoni.

2. Toa data kwa `pg_dump`, hifadhidata moja moja, kwa maandishi ya kawaida ili uweze kuyasoma. `pg_dumpall` sitaki hata kuisikia hapa: inabeba na watumiaji wote, pamoja na superuser (mtumiaji mwenye mamlaka yote) aliyejitengenezea mvamizi.

3. Sakinisha mfumo upya. Wapo wanaosafisha, mimi sisafishi. Unaua mchakato, dakika moja haijaisha umerudi. Tazama `crontab -u postgres -l`, orodha ya amri zinazojiendesha kwa ratiba, utajua kwa nini.

4. Kagua kabla ya kurudisha. Hapa ndipo mimi niliwahi kukesha. Nilisakinisha upya, kisha kwa uvivu nikanakili folda nzima ya data badala ya kutumia dump. `postgresql.conf` nilikuwa nimeipitia mstari kwa mstari, safi kabisa. Asubuhi CPU iko juu tena. Kumbe ndani ya folda ile kulikuwa na `postgresql.auto.conf`, faili inayoandikwa na `ALTER SYSTEM`. Inasomwa mwisho, kwa hiyo ndiyo inayoshinda. Mle `archive_mode` imewashwa na `archive_command` ina `curl` (amri ya kuwasiliana na seva za mtandaoni): kila faili ya WAL (kumbukumbu ya mabadiliko ya data) ikijaa, PostgreSQL yenyewe inamwita mwizi.

Dump nayo usiiamini. Pitisha `grep -i` utafute `program`, `plpython3u`, `security definer` na `pg_cron`, vitu vinavyoweza kuendesha amri au kuazima mamlaka ya mwingine. Usipoona kitu usishangilie bado, maana amri inaweza kufichwa kwa base64 (maandishi yaliyogeuzwa yasisomeke kwa macho) au kuunganishwa vipande vipande. Soma kila `CREATE FUNCTION` na `CREATE TRIGGER` usiyoitambua. Ndiyo, zote. Kisha rudisha kwa mtumiaji asiye superuser.

5. Funga mlango. Kwa mwenzangu, `pg_hba.conf`, faili inayoamua nani anaingia, ilikuwa na `0.0.0.0/0` na `trust`, yaani yeyote duniani anaingia bila nywila, na superuser akishaingia, `COPY ... FROM PROGRAM` inampa shell, yaani anaendesha amri za mfumo apendavyo. Weka `scram-sha-256` (uthibitisho wa nywila) na anwani za seva za programu yako tu. Poti 5432, ya PostgreSQL, isionekane kabisa kutoka nje. Nywila zote zibadilishwe, hata zile ambazo programu yako ilikuwa imezihifadhi ndani ya majedwali.